Daraja Limejaa

Mimi ni dereva, na kazi ya dereva ni kuendesha na kunyamaza. La kwanza naliweza. La pili limenishinda tangu ujana, kwa hiyo acheni niwasimulie habari za Sweta, maana yeye mwenyewe hata mkimbembeleza kutwa nzima hatafungua mdomo.

Sweta si jina lake. Tulimwita hivyo kwa sababu nje jua linapasua vichwa, watu wanajipepea kwa mafaili, yeye anapita kwenye korido kavaa sweta zito la bluu, kalifunga vifungo mpaka shingoni. Ndiye mtunza seva wa ofisi yetu. Seva, kwa asiyeijua, ni kompyuta kubwa isiyozimwa, inayozihudumia kompyuta nyingine. Yetu imefungiwa kwenye chumba kisicho na dirisha, kiyoyozi kinavuma saa zote, na humo ndani Sweta amekaa miaka kumi na moja. Kiti kimoja, meza moja, kikombe kimoja. Aliwahi kuoa, ndoa haikumaliza miaka miwili, mtoto hawakujaliwa. Siku moja nilimwambia, "Kaka, hata mfungwa hupewa mwenzake wa kuzungumza naye." Akanijibu, "Mfungwa hana wa kumsalimia asubuhi. Mimi ninao elfu moja."

Nikajua baridi imeshampanda kichwani. Baadaye ndiyo nikaelewa.

Ofisi yetu inaunganisha vituo vya mbali na hospitali kuu: zahanati, maghala ya dawa, magari ya wagonjwa. Kila kituo kinafungwa kisanduku kidogo kinachowasiliana na seva kupitia mtandao wa simu, na kwenye seva Sweta hukitengenezea kituo hicho mlango wake. Si mlango wa mbao, jamani. Ni mstari tu kwenye orodha, una jina na namba, lakini kila kinachotoka kwenye kituo kile na kila kinachokwenda kinapita hapo. Milango yote ameiunganisha kwenye kitu anachokiita daraja, ili mganga wa mwisho wa barabara aweze kumwona daktari wa hospitali kuu kwenye kioo cha kompyuta. Nimeeleza kama nilivyoelezwa. Mkikuta kosa, mlaumuni mwalimu wangu.

Kila mlango aliutengeneza kwa mkono wake. Hata majina alikuwa akiyatunga mwenyewe, na kwa kuwa jina la mlango halitakiwi kuzidi herufi kumi na tano, zahanati zenye majina marefu zilikatwa mkia bila huruma, waganga wakalalamika na hawakusikilizwa. Kila siku saa moja asubuhi, kabla hata ya kuvua kofia, Sweta hutuma salamu. Ndivyo wanavyofanya watu wa seva: unatuma ujumbe mdogo kwenye kisanduku, kisanduku kinakujibu, unajua njia ni nzima. Wenzake wa ofisi nyingine huiachia kompyuta ifanye hivyo yenyewe. Yeye aliipitia orodha kwa macho, mstari kwa mstari, anatingisha kichwa kila jibu linaporudi. "Kinachojibu kiko hai," alipenda kusema. Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake.

Sasa hapa pana siri, nami naijua kwa sababu gari ni langu.

Miaka sita iliyopita aliniomba nimpeleke kwao, tukitoka kufunga zahanati moja. Mama yake aliishi peke yake kwenye nyumba ya bati, na masikio yalikuwa yamekufa kabisa. Simu kwake ilikuwa kazi bure, angeiweka sikioni na kuitikia "Ndiyo, ndiyo" kwa mtu ambaye hata hajaanza kusema. Sweta akatoa kwenye begi kisanduku chakavu ambacho ofisi ilitaka kukitupa, akakifunga dirishani, akapandisha kipande cha sola juu ya bati. Halafu akachuchumaa mbele ya mama yake, akampigia kelele sikioni, akamwonyesha kwa vidole: taa hii ya kijani ikipepesa asubuhi, jua ni mimi, nimeamka na nakusalimia. Bibi akacheka, akamshika mashavu kama mtoto wa miaka minne. Mimi nikatazama pembeni, maana mambo ya watu na mama zao hayatazamwi.

Kwenye seva akakitengenezea mlango, akauita *kwamama*. Vituo vingine vilipata salamu kumi kumi. Kwa mama zilikwenda ishirini, na hizo alizipiga mwenyewe kwa mkono.

Mama akafariki. Ni mwaka wa tatu sasa. Sweta alikwenda kuzika, akarudi kesho yake, na hakukanyaga tena kule. Lakini sola iliendelea kuchaji, na kisanduku kiliendelea kujibu. Nilipomkuta asubuhi moja bado anatuma zile ishirini, nikamuuliza mbona hajakizima. Akaniambia, "Kinajibu." Nikamwacha. Kila mtu na msiba wake.

Shida ni kwamba daraja lina mwisho. Mimi nilidhani kompyuta inajaa pale tu picha na mafaili yanapozidi. Sweta alinieleza tukiwa njiani, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa ndugu yake. Waliounda Linux, yaani mfumo unaoendesha seva yetu, waliandika ndani ya kiini chake kwamba daraja moja lina nafasi elfu moja na ishirini na nne, na nafasi ya sifuri haitumiki. Kwa hiyo milango elfu moja na ishirini na tatu. Basi.

"Hata seva ikiwa kubwa kama nyumba?"

"Hata ikiwa kama mtaa mzima."

Na kabla ya kufika huko mambo yalishaanza kuwa mazito. Seva ikizimika na kuwaka tena, hufungua mlango mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa kwanza ilichukua dakika moja. Siku hizi dakika arobaini, na dakika zote hizo simu za vituo vyote zinamlilia yeye. Akaandika barua kuomba seva ya pili na ruhusa ya kujenga daraja la pili. Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri, ikalala. Akaandika nyingine, nayo ikaenda kulala na mwenzake.

Barua zikiwa usingizini, yeye akafagia. Magari yaliyofia gereji, ghala lililohamishwa, zahanati mbili zilizounganishwa kuwa moja, milango yao yote akaiondoa, akapata pumzi. Vituo vipya vikaja vikajaza nafasi. Ikafika mahali imebaki milango elfu moja na ishirini na tatu kamili, yote inajibu, na mmoja kati ya hiyo ni wa nyumba isiyo na mtu.

Ndipo ikaja ile zahanati ya ng'ambo ya mto.

Tulikwenda Ijumaa kufunga kisanduku, mwendo wa saa saba barabarani. Tukamkuta mkunga mmoja peke yake, mwanamke mwembamba mwenye maneno makali na chai nzuri. Alituonyesha kitanda kilichokuwa na mama mjamzito amelala ubavu, miguu imevimba. "Huyu ana mapacha," alisema tulipotoka nje, "na presha yake inacheza. Mto ukijaa, gari la wagonjwa halivuki. Nikimpata daktari kwenye kioo akawa ananiongoza, nitaweza. Mkinichelewesha, mje na la kumwambia mumewe."

"Jumatatu utakuwa hewani," Sweta akamwambia. Nilimtazama. Yeye ndiye anayejua hesabu ya milango, mimi najua hesabu ya matairi.

Jumatatu asubuhi nikampelekea chai. Nilimkuta ameandika amri ya kuongeza mlango mpya, na kioo kimemjibu kwa maneno mawili ya Kiingereza, maana yake pamejaa. Akaiandika tena, jibu lilelile. Akaiandika mara ya tatu. Fundi akirudia jambo lilelile mara tatu ujue hafanyi kazi tena, anaomba.

Meneja wetu akaingia, mama mmoja mwenye haraka zake, amejikumbatia mikono kwa baridi.

"Zahanati ya mto vipi? Wizarani wananiuliza."

"Daraja limejaa, bosi. Niliandika kwenye barua."

"Si uondoe mlango mmoja usiotumika?"

"Yote inajibu," Sweta akasema.

Jamani! Ilikuwa kweli tupu na ilikuwa uongo mtupu, vyote kwa pamoja. Nilimkazia macho, yeye akakazia kibodi.

"Na hilo daraja la pili?"

"Kwa seva hii hii moja, lazima nipange upya anwani za nusu ya vituo, na mawasiliano yakatike siku nzima. Hospitali wanataka taarifa ya wiki mbili."

"Basi mwambie mkunga wiki mbili." Akatoka. Hakuwa mbaya, ila hakuwa amemwona yule mama mwenye miguu iliyovimba.

Mlango ulipofungwa uzalendo ukanishinda. "Wewe mtu, una akili timamu? Yule mjamzito ana wiki mbili?"

"Kinajibu," akasema, sauti ndogo.

"Kinajibu nini? Ni chuma kinamjibu chuma! Mama yako tulimzika, kaka. Mimi mwenyewe nilishika koleo."

Nilitamani kuyarudisha maneno yale kinywani, lakini yalishatoka. Sweta hakukasirika. Angekasirika ningejisikia nafuu. Alikaa tu, mikono mapajani, na mimi nimesimama na chai inayopoa, hata pa kuiweka sioni.

Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa mkunga. Nilimsikia mpaka pale nilipokuwa nimesimama: presha imepanda, mto nao umeanza kupanda, je, daktari yuko wapi?

"Nipe dakika tano," Sweta akamwambia.

Akatuma salamu ishirini kwenye *kwamama*. Majibu ishirini yakarudi, hakuna hata moja lililopotea. Halafu akaandika amri ya kuufuta ule mlango. Ni mstari mmoja tu, nimewaona watu wakiandika mirefu zaidi kwenye kadi za harusi. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda ambao mimi ningeshavuta gia tatu. Akabonyeza. Akaandika tena amri ya mlango mpya, na safari hii kioo hakikusema neno. Linux ndivyo ilivyo, ikikataa hulalamika, ikikubali hunyamaza.

Daktari akapatikana kwenye kioo kabla chai haijapoa kabisa. Mapacha walizaliwa Jumatano, wa kike na wa kiume, wote wazima na mama yao mzima. Mkunga akatuma ujumbe wa shukrani, Meneja akausoma mkutanoni, watu wakapiga makofi. Walimpigia Meneja.

Sweta hakuwepo mkutanoni. Nilimkuta chumbani kwake. Wiki ile yote, saa moja asubuhi, aliipitia orodha kama kawaida, akifika mwisho anabaki kaitazama, mkono uko juu ya kibodi na hauna pa kwenda. Chai nilikuwa naikuta imeota ngozi. Sijawahi kumwona mtu mpweke kiasi kile, na nimewaendesha wafiwa wengi. Ijumaa nikamwambia, "Kesho twende tukakichukue kile kisanduku. Ni mali ya ofisi, kitatuletea balaa." Ofisi ilishakisahau zamani, lakini mtu mzima humpi sababu ya kulia, unampa sababu ya safari.

Tukafika Jumamosi mchana. Nilitegemea majani kiunoni na buibui mlangoni, nyumba ya miaka mitatu bila mtu. Kofuli lilikuwepo. Lakini uwanja ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio bado inaonekana. Sola juu ya bati inang'aa. Na nje ya dirisha lenye kisanduku palikuwa na kigoda, miguu yake imechimba vishimo ardhini.

"Nani anakaa hapa?" nikauliza. Sweta hakujua.

Bibi mmoja akatokea nyumba ya pili, kitambaa kichwani, anatembea kwa hasira. Sweta alimjua kwa sura tu, jirani wa mama yake.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Kumbe uko hai."

"Niko hai, mama."

"Siku tano! Siku tano taa haipepesi. Nikasema basi, amekwenda na yeye. Na nani wa kuniletea habari? Mimi nani kwako? Nitasikia baada ya mwaka!" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa nguvu, kama yamemkosea adabu.

Ikabidi mimi ndiye niulize. Bibi akasimulia amesimama hivyo hivyo. Marehemu alikuwa akimwita kila asubuhi waje kuitazama taa pamoja. Alipokufa, asubuhi ya pili baada ya mazishi bibi alikuja peke yake kuona kama nayo imezimika. Ikapepesa. Kesho yake akaja tena. Miaka mitatu sasa anakuja na kikombe chake cha chai, anakaa kwenye kigoda, taa inapepesa mara ishirini, anasema, "Marahaba, mwanangu," anakwenda kulisha kuku wake. Na kila Jumamosi anapanda juu ya pipa kuifuta sola vumbi. Kwa umri ule! Nililitazama lile pipa, lilikuwa linayumba hata bila mtu.

"Nimezaa watano," akasema. "Wako wanakojua wao. Simu hii hulia mara moja kwa mwezi, na ni kampuni inataka kuniuzia vifurushi. Lakini hapa nilikuwa najua kila siku kuna mtu mmoja ameamka na amekumbuka. Hata kama aliyemkumbuka si mimi."

"Nilidhani hakuna mtu," Sweta akasema.

"Mimi si mtu?"

 Mimi ambaye nina majibu ya watu wote nilijikuta natazama tairi la mbele. Baadaye Sweta akamweleza, kwa shida, kwamba nafasi zilikwisha, kwamba mlango amempa mkunga wa ng'ambo ya mto. Bibi akamkatiza. "Amejifungua?"

"Mapacha. Wazima."

"Basi umefanya vizuri." Akakaa kwenye kigoda, amechoka ghafla. "Ila ungekuja kuniambia."

Wakabaki wote wawili wanalitazama dirisha.  Nikavumilia, nikavumilia, mwisho nikalipuka. "Lakini jamani, si kila mmoja wenu ana simu mfukoni? Bibi huyu si kiziwi kama marehemu! Mnangojana kwenye taa kwa nini?"

Walinigeukia kama nimewafunulia siri ya serikali. Bibi akaitaja namba yake polepole, Sweta akaiandika kiganjani kwa kalamu, ingawa simu aliishika mkono wa pili. Kisanduku hatukukichukua. Njia nzima hakusema neno, nami kwa mara ya kwanza tangu nipate leseni nikafuata sheria ya kazi yangu.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa nje ya chumba chake na kikombe cha chai. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alimaliza kuisalimia milango yote, mmoja mmoja, akakaa. Halafu akatoa simu. Aliishika muda mrefu kuliko alivyokawia juu ya kile kitufe.

"Shikamoo, mama. Umeamka?"

Simu ya bibi ni ya zile zinazopiga kelele, hata mimi nilisikia. "Marahaba, mwanangu. Nimeamka. Na wewe, umeamkaje?"

 Miaka kumi na moja Sweta ametuma salamu kila siku ya Mungu, amejibiwa mara zisizo na idadi, na hakuna hata kisanduku kimoja kilichowahi kumuuliza yeye.

"Haloo? Nimekuuliza, umeamkaje?"

Sote tunajua jibu la swali hilo. Tunafundishwa tungali wadogo: ni salama, ni nzuri, hata nyumba ikiwa inaungua.

"Vibaya, mama," Sweta akasema. "Nimeamka vibaya."

"Haya," bibi akasema. Nikasikia kigoda kinavutwa. "Nimekaa. Nieleze."